Namna ya Kuchagua Bodi Isiyoyumba kwa Kompyuta Unayotaka Kuiovakloki

Kompyuta ile ililetwa kwangu mwezi wa Januari, ikiwa ndani ya kesi ya kioo yenye taa za kila rangi, na malalamiko ya mwenyewe yalikuwa mafupi: "Kaka, hii inakubali kila kitu isipokuwa kazi." Huyu bwana huhariri video za harusi. Gemu zilicheza vizuri na vipimo vya dakika 5 vilipita bila tatizo. Lakini akianza kurenda harusi ya saa mbili, yaani kuitoa video iliyohaririwa kuwa faili moja la mwisho, ikifika dakika ya 20 hivi, ama skrini inaganda, ama kasi ya prosesa inaporomoka kutoka gigahezi 4.5 hadi chini ya 2, inapanda, kisha inaporomoka tena. Alishabadilisha pesti ya kupoza prosesa, akabadilisha rami, akapiga Windows upya mara mbili. Fundi mmoja akamwambia prosesa imeungua.

Nilifungua ubavu wa kesi, nikawasha renda, nikasubiri. Nilipogusa lile bati la kupozea lililo upande wa juu wa soketi, mahali prosesa inapokaa, lenye nembo na mstari wa taa, lilikuwa vuguvugu tu. Nikataka kuridhika. Nikapeleka kidole nyuma ya bodi, mahali palepale kwa upande wa pili, nikakitoa mbio kama niliyegusa pasi. Tulipolifungua, "bati" lilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Chini yake kulikuwa na kipande chembamba cha alumini, na pedi yake haikufika hata nusu ya mosfeti, vile vipande vinavyobadilisha umeme wa prosesa. Prosesa ileile, rami zilezile na mipangilio ileile ya BIOS (programu ya bodi yenyewe) tulizihamishia kwenye bodi nyingine yenye chipseti hiyohiyo, yaani chipu ileile inayosimamia bodi. Ikarenda usiku kucha.

Nianze basi na hilo. Bodi, ambayo shuleni inaitwa ubao mama na mtaani madabodi, haiongezi kasi. Unapoovakloki, yaani unapoilazimisha prosesa ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani, kazi ya bodi ni kushikilia volteji mahali pamoja huku prosesa ikivuta ampea nyingi, kwenye joto, kwa saa nyingi. Mengine yote yaliyoandikwa kwenye boksi ni ya kuangalia baada ya hilo.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya wati kabla ya hesabu ya pesa

Usianze na bodi. Anza na prosesa, na jambo unalotaka kuifanyia. Nitatumia Ryzen 7 5800X kwa mfano, kwa sababu ni prosesa ya soketi AM4 ninayoifahamu vizuri na bei yake imeshuka. Boksi linasema wati 105. Hiyo si namba ya mzigo. Bila wewe kugusa chochote, AMD inairuhusu ivute hadi wati 142 kwenye soketi, na ampea 95 mfululizo. Intel nao ni hivyohivyo: Core i5-13600K imeandikwa wati 125 lakini kikomo chake cha juu ni 181, na Core i9-13900K yenye 125 ileile hupanda hadi 253.

Sasa tuseme umeifunga 5800X kwenye kasi moja kwa koa (viini vya prosesa) zote, kwa volti 1.3, na ikirenda inavuta wati 160. Gawa 160 kwa 1.3 upate takriban ampea 123. Ampea za namna hiyo ndizo zinazopita kwenye waya wa betri ya gari unapopiga stata, na waya ule ni mnene kama kidole. Tena stata ni sekunde mbili tu. Hapa ampea hizo zinapita kwenye matabaka ya shaba membamba ndani ya bodi, kwa muda wote wa kurenda.

Amua pia unataka kuovakloki kwa njia gani. Kwa Ryzen za kuanzia 5000, mara nyingi nashauri PBO pamoja na Curve Optimizer, mipangilio ya AMD ya kuiachia prosesa ijipandishe kasi yenyewe, badala ya kufunga kasi moja, maana prosesa yenyewe inaendelea kupanda na kushuka kulingana na kazi, na kasi ya koa moja haipotei. Kufunga kasi moja kuna faida kwa anayerenda mchana na usiku. Na kama prosesa yako ni 5800X3D, kizidishio chake, yaani namba inayoamua kasi, kimefungwa, kwa hiyo usilipie bodi ya kifahari kwa ajili ya ovakloki usiyoweza kuifanya.

Hatua ya 2: Chipseti inayoruhusu

Hapa hakuna falsafa; ni ndiyo au hapana.

Kwa Intel, ili kupandisha kizidishio unahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni na chipseti ya familia Z: Z690, Z790, au Z890 kwa kizazi kipya. B660 na B760 zinakuruhusu kuongeza kasi ya rami, lakini si ya koa. H610 haikupi hata hiyo ya rami.

Kwa AMD AM4, chipseti za B350, B450, B550, X370, X470 na X570 zinaovakloki. A320 na A520 haziovakloki. Kwa AM5, B650, B850, X670, X870 na ndugu zao wenye herufi E mwishoni wanakubali. A620 na B840 hawaruhusu kuovakloki prosesa. Angalizo moja: B550 haikubali Ryzen za mfululizo wa 1000 na 2000, na B450 ya zamani inaweza kuhitaji BIOS mpya kabla haijaitambua 5800X.

Nimewahi kuingia duka moja nikauliza, "Mkuu, hii bodi inaovakloki?" Kijana akanijibu bila kusita, "Hiyo ni ya gemu kabisa, kaka, tazama hata taa zake." Nikamwomba anigeuzie boksi. A520. Sikumlaumu sana, boksi lenyewe liliandikwa neno "gaming" kwa herufi kubwa kuliko jina la chipseti.

Ukishapata chipseti inayoruhusu, usipande ngazi kwa sababu ya jina tu. B550 nzuri hushikilia 5800X kuliko X570 dhaifu. Chipseti inakupa ruhusa. Anayebeba mzigo ni mwingine.

Hatua ya 3: VRM, mahali pesa yako inapotakiwa kwenda

Pawasaplai inaleta volti 12. Prosesa inataka volti 1.1 hadi 1.4 hivi. Kinachobadilisha ni safu ya vipande inayozunguka soketi upande wa kushoto na juu, inayoitwa VRM. Ina kidhibiti kimoja kinachotoa amri, mosfeti zinazokata umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, koili zinazoulainisha, na kapasita zinazoushikilia prosesa inapovuta ghafla. Kila seti ya mosfeti na koili yake ni fezi moja.

Kwa nini fezi nyingi? Rudi kwenye ampea 123. Fezi 4 zikigawana, kila moja inabeba karibu ampea 31. Fezi 8, kila moja 15. Joto linalotokana na ukinzani huenda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo ukipunguza ampea nusu, joto la kila kipande hushuka hadi robo, na hata ukijumlisha vipande vyote vilivyoongezeka, jumla imeshuka nusu. VRM ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 90 huku ikipeleka wati 160, wati 18 hivi zinabaki palepale kama joto. Ni kama umewasha chuma kidogo cha kulehemu ukakiacha kimelala kando ya prosesa mpaka renda iishe.

Tatizo ni kwamba wauzaji wanajua tunapenda namba kubwa. "12+2" kwenye boksi: 12 zinadaiwa ni za koa, 2 za sehemu nyingine za prosesa. Lakini kidhibiti kinaweza kuwa na mikondo 6 tu, kila mmoja ukiendesha seti mbili. Hilo si wizi, maana joto bado limegawanywa kwenye seti 12, ila usifikiri umenunua fezi 12 zinazojitegemea. Wizi ni pale ambapo koili zimeongezwa mara mbili na mosfeti zimebaki zilezile. Ukihesabu koili unapata 8, na kumbe wabebaji ni 4.

Kwa hiyo usihesabu koili peke yake. Tafuta mtandaoni picha ya bodi hiyo ikiwa imevuliwa bati, uikuze, kisha fanya hivi. Koili ni vile vijiwe vya mraba vya kijivu, juu vimeandikwa R15, R22 au kitu kama hicho. Tazama ubavuni mwa kila koili. Ukiona chipu moja ya mraba, nyembamba, kwa kila koili, hiyo ni steji kamili, mosfeti ya juu, ya chini na kiendeshi chake vyote vikiwa ndani ya kifurushi kimoja. Ukiona vipande viwili au vitatu vyeusi vilivyotengana, hizo ni mosfeti za rejareja, na ndizo zinazopika bodi za bei ya chini. Soma namba zilizoandikwa juu yake. 4C10N na 4C06N, kwa mfano, ni jozi ya mosfeti za rejareja utakayoikuta kwenye bodi nyingi za bei nafuu. Si takataka, zinatosha prosesa ya koa 6 isiyoguswa, lakini mimi siwekei juu yake 5800X iliyofunguliwa. SiC639 ni steji ya ampea 50. ISL99360 ni ya ampea 60. ASUS TUF Gaming B550-Plus inatumia steji za ampea 50, MSI MAG B550 Tomahawk za ampea 60. Zote mbili zinaibeba prosesa hii bila jasho.

Namba hiyo ya ampea nayo usiimeze nzima. Steji ya ampea 50 haifurahii kubeba ampea 50. Huo ni ukomo wa maabara. Inapofanya kazi kwa raha ni chini ya nusu. Kipimo changu cha harakaharaka ni hiki: gawa ampea zako kwa idadi ya steji za koa, na jibu lisizidi nusu ya namba ya steji. Ampea 123 kwa steji 8 za ampea 50 ni 15. Umebaki na nafasi ya kutosha, hata siku ukibadilisha prosesa ukaweka ya koa 16.

Angalia na plagi ya umeme wa prosesa pembeni juu. Inatakiwa iwe ya pini 8, yaani waya 4 za volti 12. Hiyo ikiwa na waya nzuri inapitisha zaidi ya wati 300, kwa hiyo plagi ya ziada ya pini 4 si ya lazima kwa wengi wetu. Lakini bodi yenye plagi moja ya pini 4 tu, hiyo irudishe rafu, mazungumzo yameishia hapo.

Hatua ya 4: Joto la chumba chako, si la chumba cha anayepima

Video na makala nyingi za kupima VRM zinafanyika Ulaya na Marekani, kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Mtu anaandika "VRM ilifika nyuzi 82, hakuna shida." Chumba chako Dar es Salaam mwezi wa Februari, mchana, feni inazunguka hewa ya moto, kina nyuzi 32 au zaidi. Joto la hewa linaloingia linaongezeka karibu nyuzi kwa nyuzi kwenye kila kipande. Ile 82 yake kwako ni 92. Mtu wa Nairobi au Arusha anaweza kununua bodi ya daraja la chini kidogo akaishi nayo vizuri; mtu wa Tanga, Mombasa au Zanzibar asimwige.

Mosfeti yenyewe inavumilia sana, nyingi zimepangiwa hadi nyuzi 125 au zaidi. Kinachoumia ni majirani zake. Kapasita ngumu za kawaida zimeandikwa saa 5,000 kwa nyuzi 105. Saa 5,000 ni siku 208. Kila ukishusha joto, umri huo unarefuka mara nyingi; ukiliacha lipande, unakatika. Ndiyo maana kikomo changu cha VRM ni nyuzi 90 wakati wa kipimo kizito, japo mtengenezaji ataniambia hata 110 ni sawa.

Bati la kupozea likague kwa macho na kwa mkono. Alumini nzito yenye mapezi ni bora kuliko tofali laini lenye nembo. Bati lishikwe kwa skrubu nyuma ya bodi. Lile la kubanwa kwa pini za plastiki zenye springi hulegea, na pedi ikiachia kidogo tu, bati limekuwa pambo. Ukigonga kwa ukucha ukasikia mlio wa plastiki, ujue kuna kifuniko juu. Kuwa na kifuniko si kosa, ila uulize chini yake kuna nini.

Jambo ambalo watu husahau: ukiweka kupoza kwa maji, umeondoa feni iliyokuwa ikipuliza karibu na soketi. Prosesa inashukuru, VRM inalia. Nimekuta zaidi ya mara moja mtu amenunua kipoza maji cha gharama, joto la prosesa limeshuka nyuzi 10, na mashine imeanza kuganda ambapo zamani haikuganda. Feni moja ya milimita 120 nyuma ya kesi na nyingine juu, karibu na kona ile, inatibu zaidi ya unavyodhani.

Hatua ya 5: Rami

Ukiwasha XMP au EXPO, mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya rami yenyewe, umeshaovakloki, hata kama ni kwa kubofya mara moja. Kwa 5800X, DDR4 ya 3600 ndiyo mahali pa starehe; kwa Ryzen za AM5, DDR5 ya 6000. Nunua vipande viwili, si vinne. Kwenye bodi ya sloti nne, viweke kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, isipokuwa kitabu cha bodi kiseme vinginevyo. Vipande vinne vya DDR5 kwenye Ryzen 7000, AMD yenyewe inaahidi 3600 tu. Mtu akikwambia zake nne zinakimbia 6000, mpongeze, lakini usipange bajeti yako juu ya bahati yake.

Kabla ya kulipa, ingia kwenye ukurasa wa bodi hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, fungua orodha ya rami zilizojaribiwa, tafuta namba kamili ya rami yako. Kukosekana kwenye orodha si ushahidi kwamba haifanyi kazi. Kuwemo ni usingizi mzuri.

Hatua ya 6: BIOS na vitu vya kukuokoa

Kuovakloki ni kukosea mara nyingi hadi upatie. Bodi nzuri ni ile inayokusamehe haraka. Kitu cha kwanza ninachotafuta ni kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa, kile kilicho nyuma karibu na sloti za USB. Unaweka faili kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unachomeka umeme, unabonyeza, unasubiri. Kwetu ambako umeme unaweza kukatika katikati ya kusasisha, kitufe hiki ndicho tofauti ya bodi kufufuka jioni ileile na bodi kupelekwa kwa fundi mwenye programa. Bodi yenye BIOS mbili inafaa vilevile. UPS, hata ndogo, iwepo siku ya kusasisha.

Pili, taa nne ndogo za utambuzi, zinazokuonyesha mashine imekwama kwenye prosesa, rami, kadi ya picha au diski. Tatu, kitufe cha kufuta CMOS, yaani kurudisha mipangilio ya BIOS ya kiwandani; kama hakipo, pini mbili na bisibisi zinatosha, usiongeze pesa kwa hilo.

Kisha mipangilio. Prosesa ikivuta mzigo, volteji hushuka kidogo. Hiyo ni kawaida na imekusudiwa. LLC ndiyo mipangilio inayozuia kushuka huko. Anayeanza hukimbilia ngazi kali kabisa ili volteji inyooke kama rula. Shida ni kwamba mzigo ukiachia ghafla, volteji inaruka juu kuliko uliyoweka, kwa muda mfupi ambao programu yako haitauonyesha, na prosesa inakula mruko huo kila mara. Chagua ngazi ya katikati. Na soma maelezo ya bodi yako kwanza: kwa ASUS namba kubwa ndiyo kali, kwa MSI namba ndogo ndiyo kali. Nimeona mtu amehama kutoka moja kwenda nyingine na namba yake mkononi.

Usiiache bodi ijiamulie volteji kwa "Auto" ukaenda kulala. Mwaka 2023, baadhi ya Ryzen za X3D za AM5 ziliungua kwenye soketi, na tiba ya AMD ilikuwa kuwalazimisha watengenezaji wa bodi waweke kikomo cha volti 1.3 kwenye SoC, sehemu ya prosesa inayosimamia rami. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel: prosesa za kizazi cha 13 na 14 ziliharibika taratibu kwa kupewa volteji ya juu, marekebisho ya 0x129 yakatoka Agosti, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Ukinunua AM5 au LGA1700 (soketi ya hizo Intel), BIOS mpya ni kazi ya siku ya kwanza, kabla hata ya Windows. Na i9 ya mtumba ya vizazi hivyo viwili, mimi naipita.

Hatua ya 7: Dukani na kwenye mtumba

Mpya au mtumba, soma toleo la bodi. Limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona, mfano "Rev 1.2". Jina moja la bodi linaweza kuwa na matoleo yenye mosfeti tofauti, na tathmini uliyoisoma ilikuwa ya toleo jingine.

Kwa mtumba, omba kuishika. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa, kwa hiyo soketi haina mengi ya kuharibika. Kwenye AM5 na Intel pini ziko kwenye bodi, laini kama unywele. Mwambie muuzaji kwa upole, "Naomba unifungulie hapa kidogo, kaka," washa tochi ya simu, iinamishe bodi huku na huku. Pini zote zinatakiwa kumeta kwa pamoja. Inayometa peke yake imepinda. Kisha geuza nyuma, tazama eneo la VRM: rangi iliyogeuka kahawia inaonyesha miaka ya kupikwa. Kapasita zilizovimba kichwani au zenye uchafu miguuni, acha. Kwa bodi iliyoishi pwani tazama vichwa vya skrubu na maganda ya chuma ya sloti za USB. Ukiona kutu nyeupe au kijani hapo, chumvi imeshafika na ndani.

Na zile desktop za ofisini zinazoingia kwa makontena, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na wenzao: ni mashine nzuri mno kwa kazi zake, lakini chipseti zao, nyingi zikiwa za familia Q, haziovakloki, na nyingi zina plagi za umeme za kwao wenyewe zisizolingana na pawasaplai ya kawaida. Usinunue moja kwa matumaini.

Usilipie taa. Usilipie Wi-Fi kama una kebo. Sloti nne za diski za M.2 ni za mtu mwenye diski nne.

Hatua ya 8: Ipime ungali na haki ya kuirudisha

Fanya haya ndani ya siku chache za kwanza, na vipimo vizito vifanye mchana wakati wa joto, kesi ikiwa imefungwa.

Anza bila ovakloki. Washa HWiNFO, programu ya kusoma joto na volteji, kisha OCCT au Prime95, za kuipa prosesa mzigo mzito, kwa saa moja. Kama inayumba hapa, rudisha bodi au tafuta kosa la ufungaji. Usiovakloki juu ya ugonjwa. Halafu washa XMP au EXPO peke yake, na uache MemTest86, programu ya kupima rami, imalize mizunguko yake minne. Kosa moja tu ni kushindwa. Hakuna "kosa dogo" la rami. Faili la mteja litakuja kuharibika siku usiyojua.

Sasa ndiyo uguse prosesa. Panda megahezi 50 au 100 kwa mara moja, pima nusu saa, panda tena. Kwenye HWiNFO tazama vitu vitatu. Cha kwanza ni joto la VRM, ambalo bodi nyingi huliandika "VRM" au "MOS". Bodi isiyo na kipimo hicho kabisa inanitia shaka. Hapo tumia kipimajoto cha mionzi nyuma ya bodi. Cha pili ni volteji ya koa chini ya mzigo. Kwa Ryzen 5000 amini ile inayoitwa SVI2 TFN kuliko ile inayosomwa na chipu ya bodi. Iandike kwenye karatasi dakika ya 5, ya 20, ya 40. Bodi nzuri inakupa namba zilezile. Ile ya bwana wa video za harusi ilianza vizuri, ikateleza taratibu, na ikifika dakika ya 20 ulinzi wa joto unaikata. Cha tatu ni makosa ya WHEA, yaani makosa ya vifaa ambayo Windows huyaandika. Mashine inaweza kumaliza kipimo bila kuganda huku makosa hayo yakijihesabu chini kimyakimya, na hiyo haijafaulu.

Ukimaliza, fanya kazi yako halisi: renda mradi mrefu kuliko yote uliyonayo. Ikipita, piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu, maana betri ya CMOS ikiisha mipangilio yote inaweza kupotea. Ukifika msimu wa joto rudia kipimo kile cha saa moja. Mashine iliyopita Julai ikayumba Februari usiiongezee volti. Kwanza puliza vumbi kwenye mapezi ya VRM, na kama bado, ishushe megahezi 50.